Kivuli katika Picha za Bwana Shingo

Rumonge, 6 Februari 1910

Kwa Bibi yangu Mwasiti binti Uledi, Ujiji, mke wangu wa kwanza na mpaka sasa wa pekee.

Salaamu zikufikie ukiwa umekaa, maana najua ukisimama hutasikiliza mpaka mwisho. Na jirani yako Swedi anayekusomea barua hii nampa salaamu zake hapahapa, asije akaruka mistari kuzitafuta. Mimi ni mzima. Homa iliyonishika njiani imeniacha. Kofia uliyonishonea imepungua, au kichwa kimekua, maana sasa nina kazi ya Serikali.

Hapa Rumonge wameweka kambi ya wagonjwa wa malale, ule ugonjwa wa mbung'o, mtu analala mchana kweupe na tonge liko mkononi. Daktari wa kambi ni Mdachi mrefu mwembamba. Watu wamempa jina Bwana Shingo, kwa sababu ukikutana naye hakuulizi hali, anakupapasa shingo kwanza kutafuta vivimbe. Akisha, mimi namtoboa mtu kidole, napaka tone la damu kwenye kioo chembamba, na Bwana anakiweka chini ya darubini. Siyo ile ya nahodha ya kutazamia mbali. Hii inatazama vitu vidogo: tone moja linakuwa uwanja mzima, na wadudu wa malale wanaonekana humo kama nyuzi zilizokatika.

Juu ya darubini Bwana amefunga sanduku la kupigia picha. Picha anampelekea mwalimu wake Ulaya, mzee ambaye nadhani anamwogopa kuliko mimi ninavyokuogopa wewe. Na hapo ndipo penye taabu. Kila picha inatoka na mwanga upande mmoja na giza upande wa pili, kama chapati iliyosahauliwa ukingoni mwa chuma. Wadudu walioko gizani hawaonekani sawasawa. Mwanga wenyewe unatoka dirishani, unapiga kioo kidogo kilicho chini ya darubini, unapanda juu. Bwana amekifuta kioo, amegeuza meza, amehamia dirisha jingine. Wapi! Juzi akanishika vidole akavitazama.

"Asmani, wewe kula samaki, halafu wewe shika kioo?"

Nikamwambia samaki nala kwa mkono wa kulia, kioo nashika kwa wa kushoto. Hakucheka. Amesema kivuli kisipotoka, nitatoka mimi, nirudi kubeba mizigo ya safari.

Usihangaike kuhusu chakula. Samaki tunao: ndagala wanaletwa kambini kila asubuhi, wabichi kabisa. Sina zaidi la kusema juu ya ndagala.

Mjukuu wako, Asmani


Ujiji, mwezi 20 Mfungo Tano, kwa hesabu ya Wadachi 3 Machi 1910

Kwa mume wangu Asmani, aliyenikimbia akaniachia paka.

Sisi sote wazima. Paka amezaa. Mvua imebomoa ukuta wa jikoni na Swedi ameujenga upya, ingawa sikumwomba. Kofia haijapungua, unalala nayo.

Nimesikia habari ya damu za watu. Hapa baraza nzima imesikia, maana Swedi ana sauti ya mwadhini, na sasa wanawake wananiuliza kama kweli mjukuu wangu ananyonya watu damu kwa mshahara. Nimewajibu kwamba hanyonyi, anapaka tu. Sijui kama nimesaidia.

Huyo Bwana wako akikushika vidole tena, mwambie vilioshwa na mimi tangu vikiwa vidogo kama maharage. Kivuli ni chake, atafute mwenyewe.

Sasa jambo lililonifanya nimwite Swedi na kalamu yake. Nimekuonea mchumba. Batuli, yule wa nyumba ya pili kutoka msikitini. Anapika, anasoma Kurani, na anacheka pale ninapotaka achekwe mtu. Mama yake nimekwisha mdokezea. Nijibu ndiyo. Ukitaka kujibu vingine, jibu ndiyo kwanza.

(Mimi Swedi naongeza kwa mkono wangu bila yeye kujua: bibi yako ni mzima sana. Jana alinicheka mpaka akashika ukuta. Ule nilioujenga. Haukuanguka.)

Bibi yako, Mwasiti


Rumonge, 22 Aprili 1910

Bibi yangu mpenzi, amahoro, kama wanavyosema huku.

Nimefurahi kwa paka, nimefurahi kwa ukuta. Sijafahamu vizuri kwa nini Swedi anajenga nyumba ya watu, lakini mimi ni mtoto, nitaelezwa nikikua.

Leo nina habari: kivuli kimeshindwa! Bwana Shingo alikaa siku nyingi akinung'unika kwa Kidachi, hata uji hataki. Asubuhi moja akatoka chumbani anakimbia, shati nje, akaniambia, "Asmani, leo sisi piga picha ya hapana kitu."

Nikadhani malale yamempata na yeye. Kumbe ana akili. Alichukua kioo chembamba kitupu, kisafi, bila damu wala mate, akakiweka chini ya darubini na kukipiga picha. Ukipiga picha ya kitu kitupu, kinachobaki ni mwanga wenyewe na giza lake. Yaani alikipiga picha kivuli chake peke yake. Picha hutoka kwanza kwenye kioo, ndipo ichapwe karatasini; basi akatengeneza kwa picha hiyo kioo kingine, cha kinyume: pale ambapo kioo cha picha ya damu ni chepesi, kinapitisha mwanga mno, hiki ni kizito, na pale ambapo kile ni kizito, hiki ni chepesi. Akavibandika viwili pamoja, akaviweka juu ya karatasi, akavianika juani. Chepesi na kizito vikasawazishana. Karatasi ikatoka na mwanga sawasawa, pembe hadi pembe, na wadudu wote wakahesabika. Bwana alinishika mabega tukacheza, Bibi, mbele ya wagonjwa. Wagonjwa wawili walipiga makofi.

Basi kile kioo kimoja cha hapana kitu amekitumia kwa picha zote, na picha zote zimekwenda Ulaya kwa meli ya mwisho.

Jambo dogo tu. Kwenye kila karatasi nimeona doa jeupe, hafifu, pembeni. Bwana hakulijali. Mimi niliigeuza karatasi moja juu chini, nikaangua kicheko. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia nimepaliwa.

Kuhusu Batuli, karatasi inakwisha. Tafadhali niletee doti moja ya leso, nzuri, nyekundu ikipatikana. Ni za mtu aliyenisaidia kazi.

Mjukuu wako, Asmani


Ujiji, mwezi 9 Mfungo Tisa, 18 Juni 1910

Asmani,

Salaamu. Wazima. Paka wazima.

Karatasi inakwisha? Umejaza kurasa mbili kwa habari ya vioo vyepesi na vizito, Swedi amesoma mpaka koo limekauka nikampikia chai, na ulipofika kwa Batuli karatasi ikakwisha!

Sasa nakuuliza, na nataka jibu lenye jina ndani yake. Mtu gani anamsaidia mwanamume kazi ya Serikali akalipwa leso nyekundu? Askari? Bwana Shingo mwenyewe? Na hilo doa jeupe lina umbo gani, hata ukaligeuza juu chini ndipo ukacheka? Na kwa nini mtu aliyekwisha nieleza habari za ndagala bila kuulizwa akasema hana zaidi la kusema juu ya ndagala?

Leso nimenunua. Ziko kwenye sanduku langu. Zitatoka humo siku nitakaposikia jina.

Kuhusu Swedi umeuliza kwa ujanja, na mimi sikusikia.

(Mimi Swedi: nilisikia. Naomba Mungu akulinde. Chai yake ina tangawizi nyingi.)

Bibi yako, Mwasiti


Rumonge, 11 Septemba 1910

Bibi,

Ramadhani njema kwako na kwa msomaji wako. Huku tumefunga, joto ni kali, na mimi nina hofu, kwa hiyo leo sifichi. Swedi, nakuomba uisome hii mlango umefungwa.

Jina ni Wema. Ni mtu wa Gatete, babake alikuwa Mmanyema, mamake wa huku. Yeye ndiye anayeleta ndagala kambini, kapu kichwani, na ulimi ambao ungeupenda. Siku ya kwanza nilimwambia alete kidole. Akaniambia, "Kidole yangu inauza samaki, haiuzi damu." Akaenda zake. Kila askari anapopita kukusanya watu wa kupimwa, yeye yuko ziwani, au sokoni, au hayuko kabisa.

Usidhani ni utundu tu. Kaka yake Amisi alitibiwa malale mwaka jana, kambi nyingine. Usingizi ulimtoka, lakini dawa ya sindano ikamwachia macho yenye ukungu. Anamjua dada yake kwa sauti. Ndiyo maana Wema hataki.

Lakini alitaka kujua tunafanya nini. Akawa anasimama nje ya dirisha letu, kwa mbali, akitazama.

"Weye," akaniambia siku moja Bwana alipotoka, "unafanyaka nini na damu ya watu?"

"Natazama."

"Basi na miye nitatazama weye. Tuone nani atachoka mbele ya mwenziye."

Hakuchoka, Bibi. Wala mimi.

Sasa nadhani umekwisha elewa doa. Siku Bwana alipopiga picha ya hapana kitu, Wema alikuwa amesimama palepale dirishani, na mwanga uliopanda kwenye darubini ulipanda na kivuli chake. Mtu wa kawaida angetikisika, asingeandikika. Yeye alikuwa amebeba kapu, na wachuuzi wa ndagala wakisimama wanasimama kama nguzo. Kioo kile cha kinyume kikamgeuza mweupe, kikamtia kwenye kila picha. Damu ya mzee wa Kabezi, yumo. Damu ya mtoto wa Muhuta, yumo. Ila yuko kichwa chini miguu juu, kwa sababu darubini inapindua vitu, basi Bwana hakumtambua.

Juzi meli ikaleta barua ya yule mwalimu wa Ulaya. Bwana aliisoma, akawa mwekundu, akaisoma tena. Mwalimu ameuliza ni mdudu gani huyu mpya, mweupe, mwenye mguu mmoja mnene, anayeonekana kwa kila mgonjwa wa Rumonge. Ameuliza kama Bwana amekwisha mpa jina.

Bwana akatoa picha, akaigeuza hivi, akaigeuza hivi. Halafu akanisogezea.

"Asmani. Huyu mwanamke nani?"

"Simjui, Bwana."

"Wewe jua kila mtu wa samaki."

"Wanafanana, Bwana."

Kisha akatoa amri: kesho wanawake wote wanaouza samaki waje na makapu yao wasimame dirishani, mmoja mmoja, mpaka kivuli kipatikane. Na atakayepatikana atapimwa damu hapohapo. Amesema pia, ikionekana kwamba namjua, nitafungasha.

Mashua inaondoka sasa hivi. Niombee.

Asmani


Ujiji, mwezi 7 Mfungo Mosi, 12 Oktoba 1910

Asmani, mjukuu wangu,

Idi imepita na hakuna barua. Kila chombo kinachoshusha watu kutoka kaskazini namtuma Swedi ufukweni, na kila mara anarudi mikono mitupu akitembea polepole ili nisimwone mapema. Wanasema vyombo vya Rumonge vimezuiwa kwa ajili ya malale. Nimewaambia watu sina wasiwasi. Nimeunguza wali mara mbili.

Kama umefukuzwa, rudi nyumbani. Kubeba mizigo si aibu, babu yako alibeba mpaka pwani na akarudi na mimi. Kama huyo binti amekutwa na ugonjwa, niandikie hivyo, usinifiche ukidhani mimi ni mzee. Uzee ndio unaobeba habari kama hizo.

Batuli tumemwoza kwa mtu wa Kasimbu. Amefurahi kuliko ulivyostahili. Kwa hiyo mlango huo umefungwa na huna haja ya kuishiwa karatasi.

Leso nimempa nahodha atakayeleta barua hii njia ikifunguliwa. Jina nimelisikia, nami huwa natimiza.

Liko na lingine. Nimeona niliseme sasa, maana ukilisikia kwa watu wengine utanicheka vibaya zaidi. Swedi alikuwa anakuja kuandika barua. Barua zenyewe, kama unavyojua, ni chache. Yeye hakuwa anakuja mara chache. Baada ya Idi shehe akaja, na watu wawili, na halua. Basi wewe, Asmani, nimekuacha rasmi, talaka tatu, usinidai kitu.

(Mimi Swedi, sasa kwa idhini: jibu upesi. Bibi yako halali usiku.)

Bibi yako, Mwasiti


Rumonge, 9 Novemba 1910

Kwa Bibi yangu aliyeniacha, na kwa Babu Swedi aliyeninyang'anya mke kwa barua zangu mwenyewe,

Nimeipokea talaka kwa uchungu, nikala chakula kizuri. Hongereni! Nilijua tangu siku ya ukuta. Mimi ni mzima, kazi ninayo, na vyombo vimefunguliwa jana, ndiyo maana mmekaa na hofu bure.

Ile siku walikuja wanawake wote wa ndagala, kutoka Gatete mpaka huku, na hata wasiouza ndagala. Nani aliwaambia, sijui. Lakini kila mmoja alikuja na kapu la ukubwa mmoja, kitambaa kimefungwa namna moja, na wote walikuwa wanabana midomo wasicheke. Bwana Shingo akawasimamisha dirishani mmoja mmoja, akatazama ndani ya darubini, akaandika, akafuta. Kivuli cha mama mwenye wajukuu na kivuli cha msichana vilikuwa kitu kimoja. Mpaka jua likawa utosini. Bwana, jasho linamtiririka, akaniita mbele ya wote.

"Basi. Wao wote ndiye, au hapana hata mmoja. Lakini wewe, Asmani, wewe jua na wewe nyamaza. Funga mzigo wako."

Nikaanza kuvua shati la kazi. Hapo Wema akashusha kapu chini.

"Muache. Ni miye."

Pale kimya kikaingia, Bibi, hata ndagala walinyamaza.

"Lakini mutu hatanitoboa," akasema, "mpaka miye nitazame kwanza. Na nitazame damu yake yeye, huyu murefu."

Nikatafsiri, nikaacha neno "murefu". Bwana alinielewa zaidi ya nilivyotafsiri. Akakunja mkono wa shati, akanipa kidole chake. Nimetoboa watu wengi, lakini hicho nilikifuta mara mbili kabla ya kukitoboa. Wema akainama kwenye darubini.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

"Nyasi nyeusi."

"Hizo ni kope zako. Rudi nyuma kidogo."

Akarudi nyuma, akatazama mpaka wanawake wakaanza kusukumana. Kisha akasema taratibu, "Iko kama dengu. Nyingi sana. Zinatembea." Akamgeukia Bwana: "Zako hazilali?" Bwana akajibu kwamba hazilali, ila yeye mwenyewe angependa. Nilimsikia akicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti kama mlango mbovu.

Wema akatoa kidole. Nilimtoboa mimi. Bwana akakaa kwenye darubini, akasogeza kioo huku, akasogeza kule, bila haraka yoyote. Nilimfikiria Amisi na macho yake. Hatimaye Bwana akainuka.

"Hapana kitu," akasema. Nikaogopa anataka kupiga picha. Kumbe ni habari yenyewe. Hana wadudu, Bibi. Ni mzima kabisa.

Wanawake walipiga vigelegele, na siku ile waliopimwa damu kwa hiari yao walikuwa wengi kuliko ambao askari waliwahi kuwaleta kwa fimbo. Bwana aliacha mambo ya mzigo wangu. Dirishani ametundika shuka jeupe ili mwanga uingie laini na asiingie mtu, akapiga picha mpya ya hapana kitu, akachapa picha zote upya. Kwa mwalimu wake ameandika kwamba mdudu yule amekwisha pata jina, anaitwa muuza samaki. Picha moja ya zamani ameibakiza, ameibandika ukutani juu ya kitanda chake. Nyingine aliniambia niitupe.

Sikuitupa. Nilikwenda nayo Gatete kwa Amisi, kumwomba dada yake. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia natoboa watu vidole. Hakupenda. Nikamwekea ile karatasi mkononi, akaisogeza mpaka ikagusa kope zake, akaigeuza kuelekea jua.

"Hii damu siioni," akasema. "Lakini hii nyeupe naiona. Ni Wema. Iko na kapu." Akaendelea kuishika. Aliponiambia nirudi na wazee, alikuwa bado hajanirudishia, nami sikuidai.

Wazee wangu ni nyinyi. Njooni kabla ya Mfungo Tatu. Leso zimefika na mwenyewe amezivaa, amesimama hapa nyuma yangu ananiambia niandike maneno yake jinsi anavyoyasema, nisitengeneze. Haya:

Bibi, ni miye Wema. Murakoze kwa leso. Huyu mujukuu wako amekuandikia mambo mengi, amenisomea yote, nami nimecheka. Amekuambia nilisimama dirishani kama nguzo kwa sababu ya kapu. Ni uongo. Asubuhi ile alitoka inje akanambia, "Simama hapo, usitikisike hata kidogo, Bwana anapiga picha, nataka uingie." Miye sikujua ya kupelekwa Ulaya. Yeye alijua kabisa. Ukuje upesi, tumupige pamoja.